Mtoto wa mbwa kavunjika mguu wa mbele: plasta, antena (vyuma vya nje) au sahani (bamba la chuma la ndani)? Waliopitia njooni

Mzee wa Makreti (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Nina mbwa dume wa miezi minne na siku kadhaa, anaitwa Mtajiju. Mama yake ni wa mtaani hapa Ipagala, Dodoma, baba yake nahisi ni yule wa jirani mwenye masikio yaliyosimama. Nilimchukua akue anilindie zabibu zangu Hombolo, maana msimu wa Agosti vibaka huwa wanavuna kabla yangu.

Juzi jioni tulikuwa tunapakia makreti. Kirikuu ikarudi nyuma kidogo tu, haizidi hatua mbili, nikasikia mlio ambao mpaka sasa sijausahau. Mguu wa mbele wa kushoto. Kati ya kiwiko na kifundo, ila karibu zaidi na kifundo, umekunjika mahali ambapo hakuna kiungo. Ngozi haijapasuka. Haukanyagi kabisa, anaubeba hewani.

Nikafunga mabanzi mawili ya ubao wa kreti kwa kipande cha kanga ya mama watoto, na wakati nafunga akanitoboa kidole kwa meno. Jana nikampeleka kwa jamaa mmoja anayetibu mifugo hapa mjini, simtaji. Kampiga sindano, kamzungushia hogo (plasta ngumu) fupi kama soksi, linaanzia chini ya kiwiko linaishia juu ya vidole. Picha ya eksirei hakupiga. Kaniambia "mfupa wa mtoto hauna shida, wiki tatu unakuja natoa." Usiku mzima analia, na asubuhi hii vidole vimevimba.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama watoto anataka nimpeleke kwa mzee mmoja wa Chamwino anayeunga mifupa ya watu. Shemeji anasema nimtupe, mbwa wa bure wamejaa. Nipeni mawazo.

Ngosha Kisasa

Pole mkuu. Ila jina la mbwa limeniua. Daktari akiita "Mtajiju!" pale mapokezi, watu wote wanageuka wakijua wametukanwa.

Kijana wa Ilazo

Mkuu usikasirike, lakini ni mbwa. Kuna binadamu wamelala na antena miguuni kwa ajali za boda na hawana hela ya kumalizia matibabu. Sikiliza shemeji yako.

Dokta wa Ng'ombe na Mbwa

Mzee wa Makreti, hayo mengine utayasoma baadaye. Hiyo plasta itoke leo hii. Vidole vikivimba na mnyama akilia usiku kucha, damu haipiti. Shika vidole viwili vya katikati, linganisha na vya mguu mzima: vikiwa vya baridi zaidi, usingoje hata jioni. Ukichelewa hapo tutakuwa tunazungumzia kukata mguu.

Na usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya kwenye droo yako. Mbwa hazimfai, zinamtoboa tumbo na kumuua figo. Nimeshazika wengi waliotibiwa kwa huruma.

Pili, kidole chako. Mbwa ana chanjo ya kichaa? Kama hana, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, hata kama ni leo ndiyo unasoma hapa, kisha nenda hospitali ya watu. Mbwa mwenye maumivu anamng'ata hata anayempenda. Siku nyingine mfunge mdomo kwanza kwa kitambaa laini, mradi anapumua vizuri na hatapiki.

Sasa lile hogo. Kufunga mfupa kuna kanuni moja, kwa mtu, ndama au mbwa: kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika vyote viwe ndani. Umevunjika kigasha, basi kiwiko ndani, kifundo ndani, na vidole viwili vya kati vichungulie ili uvikague kila siku. Hogo linaloishia chini ya kiwiko linaning'inia kama jiwe kwenye mfupa uliovunjika na kuuchezesha zaidi.

"Mfupa wa mtoto hauna shida" ni nusu ya maneno. Kweli unashika upesi: kwa umri wake wiki nne mpaka sita, wakati mbwa mkubwa anaweza kuhitaji miezi miwili mitatu. Lakini mfupa hauulizi kama umenyooka. Unashika vile vile ulivyokaa. Ukija wiki ya tatu mguu ukiwa upande, hatuna cha kuvuta tena, tunavunja upya. Hiyo haraka ndiyo ikutishe.

Mzee wa Makreti

Daktari asante sana. Plasta nimeitoa saa nane mchana kwa mkasi wa kukatia zabibu, nikiwa nimemfunga mdomo kama ulivyosema. Nyuma ya kifundo kuna kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, pametota na panatoa harufu. Vidole vimeanza kurudi. Hospitali nimekwenda, sindano ya kwanza nimeshachomwa.

Kesho namtafutia picha. Kwa nini unasisitiza sana habari ya umri?

Dokta wa Ng'ombe na Mbwa

Kwa sababu bado anakua, na anakulia hapo hapo alipoumia.

Kigasha cha mbwa kina mifupa miwili. Radiasi iko mbele na ndiyo inabeba sehemu kubwa ya uzito. Ulna iko nyuma, nyembamba, inapanda mpaka inakuwa ncha ya kiwiko. Karibu na ncha za kila mfupa kuna gegedu la ukuaji, tabaka laini ambalo mfupa unarefuka kutokea hapo. La ulna kwa upande wa chini lina kazi kubwa kuliko yote: kama asilimia 85 ya urefu wa ulna inatoka hapo. Umbo lake kwa mbwa ni kama pia ya kuchezea, limechomekwa ndani ya mfupa. Likisukumwa kwa pembeni haliwezi kuteleza, linasagika. Na likisagika linafunga kabla ya wakati.

Sasa fikiria upinde. Ulna imegoma kurefuka imekuwa ile kamba, radiasi inaendelea kukua imekuwa ule mti. Mti utapinda. Mguu unabetuka mbele, kanyagio linageuka nje, kiwiko kinaanza kuachana. Unaweza kuunga mfupa vizuri kabisa na bado ukapata mguu wa namna hiyo akifika miezi saba.

Salter na Harris, madaktari wa mifupa wa Toronto, mwaka 1963 waliyagawa majeraha ya gegedu hili katika mafungu matano, kwa watoto wa watu, na sisi wa wanyama tunatumia hesabu hiyo hiyo. Fungu la tano, la kusagika, siku ya kwanza kwenye picha mara nyingi huoni kitu. Kwa hiyo picha moja haitoshi. Piga sasa, rudia baada ya wiki mbili tatu, na upige na mguu mzima ulinganishe.

Mgogo wa Bahi

Kuhusu yule mzee wa Chamwino, nisemee kidogo kwa heshima. Babu yangu aliunga mbuzi na ndama maisha yake yote. Alikuwa anapapasa mfupa kwa vidole, macho ameyafumba, na anakuambia umevunjika vipande vingapi. Mbuzi wengi walipona na kutembea. Lakini babu mwenyewe mguu uliovunjika karibu na kiungo alikuwa hagusi. Alikuwa anasema "huo mchinjeni." Alijua mpaka wake.

Mama Zabibu

Nilipitia haya kaka. Binti yangu wa darasa la pili alimwangusha mtoto wa mbwa kutoka mikononi, juu ya marumaru. Hapakuonekana kupinda popote, ila akawa anachechemea na kiwiko kimejaa. Tukasema ameteguka, tukakanda na maji ya moto siku tano! Kumbe mfupa wa juu, humerasi, ulikuwa umemeguka upande mmoja ndani ya kiwiko chenyewe. Daktari alisema watoto wa mbwa wa miezi minne wanapata sana hiyo kwa kuruka au kuanguka. Ikabidi skrubu moja ipite kutoka upande huu hadi huu. Kwa kuwa tulichelewa, kiwiko hakikunji vizuri mpaka leo.

Dokta wa Ng'ombe na Mbwa

Mama Zabibu, pole na ahsante kwa kusema ukweli wote. Mvunjiko ulioingia kwenye kiungo hauna plasta, ni upasuaji, na mapema. Na kwa wote: humerasi usiifunge banzi fupi nyumbani, kiwiko hakishikiki, unaongeza uzito chini ya jeraha. Mlaze kwenye boksi, mbebe.

Mzee wa Makreti

Picha imepatikana. Nimeambiwa nimshike mwenyewe nikiwa nimevaa koti zito la risasi la kuzuia mionzi, kama mgambo. Radiasi imekatika moja kwa moja, theluthi ya chini. Ulna nayo. Vipande vimepishana kama visu vya mkasi, ndiyo maana mguu unaonekana mfupi. Magegedu kwa sasa yanaonekana mazima. Daktari wa hapa kasema ingekuwa ufa tu au umevunjika kama kijiti kibichi, angeweka plasta ndefu na kuibadilisha kila wiki kwa sababu mtoto anakua ndani yake. Kwa kupishana huku, na pale chini pasipo na nyama ambapo damu ni kidogo, anataka sahani. Kidonda kilichoachwa na hogo kiko nyuma na upasuaji utafanyika mbele, lakini kwanza kikauke siku mbili. Amempigia mwenzake Morogoro.

Swali, antena je? Nimesikia ni rahisi zaidi.

Dokta wa Ng'ombe na Mbwa

Antena inafaa sana mfupa ukiwa umetoboa ngozi, kwa sababu chuma kinakaa nje na kidonda unakisafisha. Kwake, ngozi ni nzima, mvunjiko ni wa kukatika moja kwa moja, sahani inakaa vizuri. Na antena kwa mtoto wa mbwa shambani, kila mti wa zabibu utakuwa adui yake.

Halafu akitokea mtu akasema atapitisha chuma ndani ya uboho wa radiasi, mkimbie. Kwenye paja inawezekana. Radiasi haina mlango: kuingia lazima upitie kiungo cha kifundo, na kiungo hicho atakitaka maisha yake yote.

Kijana wa Ilazo

Morogoro! Kilomita 260 kwa ajili ya mbwa koko. Haya, twendeni.

Mzee wa Makreti

Kijana, sijakataa kwamba kuna watu wana shida. Ila mguu nimeuvunja mimi, nilimwambia dereva "rudi, rudi" bila kuangalia nyuma.

Mzee wa Makreti

Mrejesho, wakuu. Basi tatu pale stendi ya Nzuguni zimenikatalia, hata nikiwa na boksi. Aliyenipeleka ni yule yule mwenye kirikuu. Kakataa hela, kachukua mafuta tu. Tumetoka saa kumi alfajiri, Kibaigwa tukanywa chai, Mtajiju kalala kwenye kreti lililojazwa magunia muda wote. Nilishazuia chakula usiku lakini sio mapema sana, daktari alionya kwamba mtoto akikaa njaa muda mrefu sukari inashuka akiwa kwenye nusu kaputi.

Nilikubaliwa kuangalia kupitia dirisha. Mguu ukinyolewa ni kitu kidogo jamani, kama mpini wa mwiko. Ngozi ilikuwa ya zambarau. Wakampasua mbele, kwa urefu, wakasogeza kano pembeni badala ya kuzikata. Daktari akaushika mfupa kwa koleo mbili, akaukunja kwanza uelekee juu kama anayefungua kitabu, ncha zikakutana, kisha akaulaza. Ukakaa. Sikutegemea ukae kimya vile. Sahani yenyewe ni kama kijiti cha barafu za watoto, ina matundu saba, akaweka skrubu sita, tatu juu tatu chini, la katikati juu ya mvunjiko akaliacha. Ulna hakuigusa, alisema radiasi ikisimama na yenyewe inafuata.

Baadaye akanionyesha kwenye picha: skrubu ya mwisho chini na gegedu kuna nafasi ya milimita chache. Kasema pale ndipo alipotumia muda wake wote, maana sahani ikivuka gegedu inalifunga kama kufuli. Mvunjiko ungekuwa kwenye gegedu lenyewe angetumia pini nyembamba laini zisizo na hesi, zipishane, na kuzitoa baada ya wiki tatu nne.

Gharama kwa jumla, pamoja na mafuta: mbuzi wanne wa mnada wa Msalato, wale wa kuchoma wa maana. Yule wa hogo alichukua nusu mbuzi.

Ngosha Kisasa

Sasa hivi Mtajiju ana chuma ndani kuliko kirikuu.

Fundi Marumaru

Mkuu jiandae, kazi ndiyo inaanza. Wangu alifanyiwa upasuaji mzuri sana, siku ya tisa mtoto wa jirani akarusha mpira. Sahani ikapinda kama kijiko. Maumivu yakishaisha mbwa anajiona amepona, wakati mfupa bado ni uji.

Mzee wa Makreti

Fundi, umeniokoa. Nimejenga kizimba kwa makreti ya zabibu pembeni ya jiko, anaweza kusimama na kugeuka, basi. Kutoka ni mara nne kwa siku, kwa kamba fupi, kukojoa na kurudi. Kola nimeitengeneza kwa ndoo ndogo ya plastiki niliyoikata kitako, kingo nikazizungushia mpira wa baiskeli zisimkate. Siku mbili za kwanza aligonga kila mlango wa nyumba. Mke wangu, yule aliyetaka twende kwa mzee wa Chamwino, sasa ndiye anayemlisha kwa mkono.

Chakula chake ni ugali na mapupu. Kuna cha kubadilisha?

Dokta wa Ng'ombe na Mbwa

Kipo, na ni kikubwa. Nyama na mapupu vina fosforasi nyingi, kalsiamu karibu hakuna. Mtoto akilishwa hivyo tu, mwili unakopa kalsiamu kwenye mifupa yake. Naletewa watoto wa mbwa wakubwa wa kizungu, wamelishwa steki kwa mapenzi, wanavunjika kwa kuruka ngazi moja. Saga dagaa wazima, na vichwa na miiba, changanya kwenye ugali kila siku. Ganda la yai lililosagwa laini linasaidia kidogo pia. Vidonge vya kalsiamu usijinunulie, vikizidi kwa mtoto anayekua navyo vinaharibu mifupa.

Mzee wa Makreti

Wiki ya tatu. Nyuzi zilishatoka. Picha ya pili: mfupa unafungana, gegedu la ulna liko wazi, yaani bado linakua. Kilichonitisha ni kifundo, akikanyaga kinalala, anatembea kama amevaa kandambili. Nikadhani sahani imekatika.

Dokta wa Ng'ombe na Mbwa

Hapana, ni kano zimelegea. Mtoto aliyefungwa na kukaa bila kutumia mguu anapata hiyo, tena wale wa hogo ndio zaidi. Mtoe kwenye sakafu inayoteleza, mtembeze polepole kwenye udongo, dakika tano tano. Udongo wenu wa Dodoma hapo ndio dawa. Hukaza ndani ya wiki chache.

Mama Zabibu

Na gegedu la ulna likifunga siku moja, ndiyo basi tena?

Dokta wa Ng'ombe na Mbwa

Ikigundulika akiwa bado anakua, tunakata kipande cha ulna na kujaza mafuta ya mwili wake mwenyewe kwenye pengo ili lisiungane upesi. Kamba imekatwa, mti unanyooka wenyewe kadiri unavyokua. Akishamaliza kukua ni kukata na kunyoosha radiasi, kazi nzito na ghali. Ndiyo maana namsumbua Mzee wa Makreti apime kila wiki.

Mzee wa Makreti

Wiki ya saba. Napima kwa futi ya fundi cherehani, ncha ya kiwiko mpaka kifundo. Kulia na kushoto tofauti haifiki nusu sentimita, na haijaongezeka tangu wiki ya nne. Kifundo kimesimama. Picha ya mwisho mvunjiko hauonekani mpaka uonyeshwe. Sahani tutaitoa hivi karibuni kwa kuwa bado anakua, kirikuu imeshawekwa oda. Leo nimemleta Hombolo mara ya kwanza, kwa kamba.

Kijana wa Ilazo

Weka picha basi tumuone. Na mama yake akizaa tena niambie.

Mzee wa Makreti

Nimemfunga kwenye nguzo nikapiga simu, narudi amejivutia kreti na kumaliza kishada kizima. Kweli huyu ni mlinzi au ni kibaka mwenzao? Nacheka peke yangu hapa.

Dokta wa Ng'ombe na Mbwa

Usicheke. Zabibu zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kipimo unachoweza kusema hiki ni salama. Amekula saa ngapi? Inabidi atapishwe sasa hivi, kliniki. Usimnyweshe maji ya chumvi, utamuongezea tatizo jingine.

Mzee wa Makreti

Haijafika nusu saa. Kirikuu imeshawaka, tunakuja.